Wanabofya, Hawaelewi: Kutatua Matatizo ya Maktaba ya Kidijitali ya Sayansi Skulini

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizunguka skuli za Pemba, kutoka Konde mpaka Kengeja, kuwasaidia walimu wa sayansi wenye chumba cha kompyuta au seva ndogo ya darasani, yaani kompyuta inayowagawia wanafunzi masomo kwa waifai. Malalamiko ninayoyapokea yanajirudia. Mengi huletwa kwangu kama ubovu wa mashine: "Maalim, njoo, kompyuta hazifai." Nikikaa nusu saa na wanafunzi naona mashine ni nzima. Kibovu ni mpango. Masomo yamewekwa kama yalivyoshuka kutoka kwenye flashi, wala hayafuati namna dhana moja ya sayansi inavyoibeba nyengine.

Ninaposema kupanga kwa dhana nakusudia hivi: kila ukurasa ubebe dhana moja, kama uvukizi, kani au kuelea. Video, picha, simulesheni (programu inayoiga jambo la sayansi, mtoto akalichezea kwenye skrini) na zoezi la dhana hiyo vyote vikae hapo hapo. Ukurasa umwambie mwanafunzi ajue nini kabla, na ukimalizika umwoneshe pa kwenda. Iwe unatumia programu za kuwekea masomo kama Kolibri, Kiwix na Moodle, au folda za kawaida, shida ni zile zile.

Chini ya kila dalili nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, na kipimo rahisi kimetangulia kazi kubwa. Palipoandikwa "Simama", tafadhali simama kweli.

Dalili: Mwanafunzi anapotea kabla hajafika kwenye somo

Sababu ya kwanza, na inazishinda nyengine zote, ni mafaili kupangwa kwa aina: folda ya "Video", folda ya "PDF", folda ya "Picha". Mtoto anayejiuliza kwa nini karafuu mbichi ni nzito kuliko kavu haji na haja ya video. Anakuja na swali. Folda ya "Video" haimwambii jibu liko wapi.

Sababu ya pili ni majina. "Chapter 3 final mpya" unalielewa wewe uliyeliandika, na baada ya mwezi hata wewe hulielewi. Ya tatu ni nakala: faili moja limo folda tatu, mwalimu mmoja kasahihisha nakala moja, wanafunzi wanasoma zile mbili zenye makosa.

Kipimo: waite wanafunzi watatu, na usichague wale hodari peke yao. Wape swali kwa maneno yao, kwa mfano hilo la karafuu. Kaa nyuma yao, usiwasaidie, hesabu mibofyo. Wakipita mibofyo minne au mitano bila kufika ukurasa wa uvukizi, tatizo umeshalipata na hujagusa waya hata mmoja.

Matengenezo yaanzie kwenye karatasi. Andika dhana za muhula mmoja tu, kila moja kwenye kipande chake, uvitandaze mezani na mwalimu mwenzako. Mkishakubaliana kipi kinatangulia kipi, nakilini folda nzima kwenye diski nyengine, kisha ndipo muanze kuhamisha. Kila faili liitwe kwa dhana yake: "uvukizi-karafuu-video".

Simama: kama mnatumia Kolibri, usiingie kwenye folda yake ya ndani ukabadilisha majina au kuhamisha kitu kwa mkono. Utaona majina marefu ya herufi na tarakimu yasiyo na maana. Programu inayatambua mafaili kwa majina hayo hayo, na ukiyagusa masomo yatapotea kwenye orodha. Mpangilio wa Kolibri hubadilishwa kupitia Kolibri Studio, tovuti yake ya kupangia masomo, nayo inataka intaneti. Kama hujawahi kuitumia, mtafute aliyewahi mkae pamoja mara ya kwanza.

Dalili: Wanatazama, wanacheza, lakini ukiwauliza hawaelezi

Hii ndiyo iliyonipeleka skuli nyingi zaidi, na ndiyo inayoniuma. Chumba kimejaa, watoto wametulia, kila mmoja ana skrini mbele yake. Unamuuliza mmoja "umeona nini?" anakwambia "mwezi unazunguka". Basi.

Sababu kubwa ni dhana ya chini iliyorukwa. Mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, David Ausubel, alishikilia katika maandishi yake ya mwaka 1968 kwamba jambo linaloamua zaidi mtu atajifunza nini ni kile anachokijua tayari. Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walilichukua wazo hilo, na mwaka 1972 wakaanza kuchora ramani za dhana ili waone mabadiliko ya uelewa wa sayansi kwa watoto. Ramani ya dhana ni maneno ndani ya visanduku yaliyounganishwa kwa mishale, na juu ya kila mshale kuna neno la kuunganisha: "husababisha", "hupungua kwa", "ni aina ya". Mshale usio na neno hausemi kitu, na makosa ya walimu wengi yamo hapo.

Nitoe mfano wa kujaa na kupwa kwa maji, maana sijaona mfano unaofaa Pemba kuliko huu. Skuli moja ya pwani ilikuwa na ukurasa mzuri kwa macho: video ya Mwezi na Dunia, kanuni ya mvutano ya Newton, kisha maswali kumi. Watoto walianguka. Lakini watoto wale wale wanajua bamvua. Wanajua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katikati yake ni maji mafu. Wanajua mama zao wanaolima mwani hushuka pwani siku za bamvua, maji yakikupwa sana. Wanajua kwamba maji yakijaa leo saa kumi, kesho yatachelewa kidogo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwamo kwenye ukurasa.

Tulipochora ramani tuliona dhana tatu zilizorukwa. Kwanza, kani ya mvutano hupungua kadiri umbali unavyozidi. Pili, Dunia inajizungusha mara moja kwa siku. Tatu, Mwezi nao unasogea katika njia yake, kwa hiyo Dunia inahitaji kama dakika 50 za ziada ili mahali petu pauelekee Mwezi tena. Anayeshika hizo tatu anaelewa kwa nini maji ya kesho huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko ya leo.

Pakabaki fundo moja, na nakuomba uliangalie hata kama somo lako ni jengine, kwa sababu linaonesha dhana iliyorukwa inavyojificha. Watoto waliuliza: kama Mwezi ndio unaovuta, kwa nini maji yanajaa mara mbili kwa siku na si mara moja? Video haikujibu. Jibu ni kwamba Mwezi unavuta upande wa Dunia ulio karibu nao kwa kani kubwa kuliko unavyovuta kitovu cha Dunia, na kitovu unakivuta kuliko upande wa mbali. Kinachoinua maji ni tofauti hiyo ya mvutano, na tofauti hutokea pande zote mbili. Jua nalo huvuta hivyo hivyo, ila athari yake haifiki hata nusu ya ile ya Mwezi. Jua, Dunia na Mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja athari hujumlishana tukapata bamvua, ambapo kwetu tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika takriban mita 4. Vikikaa pembe mraba, hupunguzana na maji yakawa mafu.

Tuliupanga upya ukurasa. Ukaanza na swali la bamvua, ukafuata viungo vya zile dhana tatu, kisha simulesheni, na fomula ikaja mwisho. Video haikubadilika hata sekunde moja.

Sababu ya pili ya dalili hii ni simulesheni isiyotanguliwa na swali la kutabiri. Mtoto akipewa kitu cha kuburuta ataburuta. Andika juu ya ukurasa: "Ukiongeza chumvi kwenye maji, yai litapanda au litashuka? Andika jibu lako kwanza, na sababu yake." Kutabiri kunamlazimisha aweke mawazo yake mezani, na simulesheni ikimpinga atashtuka. Hapo ndipo anapojifunza.

Sababu ya tatu ni wingi wa vitu. Video nne za uvukizi si bora kuliko moja. Chagua moja, nyengine ziweke chini ya kichwa "Ukitaka zaidi".

Kipimo chepesi: mpe mwanafunzi karatasi tupu baada ya kipindi, achore dhana na mishale yake, kila mshale na neno. Dakika kumi zinatosha. Panapokosekana mshale kwenye karatasi nyingi ndipo ukurasa wako ulipokatika.

Simama: ukiona vitabu viwili vinapingana kuhusu jambo la sayansi, usichague kile unachokipenda ukaendelea. Ficha ukurasa huo kwanza. Muulize mwalimu wa somo katika kituo cha walimu kilicho karibu, au mhadhiri wa fani hiyo. Kosa la kwenye ubao hufutwa kesho asubuhi. Kosa la kwenye seva husomwa na watoto kwa miaka.

Dalili: Mtoto anajua kwa Kiswahili, anakwama kwa Kiingereza, au kinyume chake

Sababu yake ni moja tu ya maana: neno moja linabeba dhana mbili, au dhana moja ina majina matatu. Video inazungumza Kiingereza, maelezo ya mwalimu ni Kiswahili, na zoezi limechanganya.

Chukua neno "nguvu". Nyumbani ni nguvu za mtu. Darasani mwalimu mmoja ameliita "nguvu" lile linalosukuma kitu, mwengine ameita "nguvu" uwezo wa mashine kufanya kazi kwa muda, na wa tatu kasema "nguvu ya jua" akikusudia nishati. Dhana tatu kwa neno moja. Mimi naandika "kani" kwa msukumo na mvuto, "nishati" kwa uwezo wa kufanya kazi, na neno "nguvu" nalitaja mara moja tu, kueleza kwamba mtaani linabeba yote.

"Joto" na "halijoto" ni hivyo hivyo. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu cha moto kwenda cha baridi, na halijoto ndiyo inayosomwa kwenye kipimajoto. Vitabu vyengine vitakwambia "jotoridi". Na "uzito": sokoni tunasema uzito wa samaki ni kilo mbili, lakini kifizikia hiyo ni tungamo yake, yaani kiasi cha maada iliyomo; uzito ni kani inayoivuta chini, nao hupimwa kwa niutoni. Mtoto mwenye tungamo ya kilo 40 ana uzito wa niutoni 392 hapa duniani, na akipelekwa mwezini uzito unashuka hadi kama sehemu moja ya sita, tungamo ikibaki ile ile. Asipotenganishiwa maneno haya mapema, ukurasa wa kuelea na kuzama hautamwingia.

Matengenezo: tengeneza ukurasa mmoja wa faharasa, na kila dhana iwe na neno kuu moja la Kiswahili, neno la mtihani la Kiingereza, maana ya mtaani kama ipo, na picha. Kurasa zote ziunganishwe nao. Usibuni istilahi yako. Mkishindwa kukubaliana, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, yaani BAKIZA, ndilo mahali pa kuuliza.

Dalili: Simulesheni haifunguki

1. Faili ni la zamani. Simulesheni nyingi zinazopitishwa kwenye flashi zilitengenezwa kwa programu iitwayo Flash, ambayo kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia mwishoni mwa mwaka 2020. Jina likiishia na .swf, usihangaike. Tafuta toleo jipya. Zile za PhET, mradi wa simulesheni za sayansi ulioanzishwa na Carl Wieman mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, sasa nyingi zina toleo la HTML5, linalofunguka kwenye kivinjari cha kawaida, hupakuliwa kama faili moja, hufanya kazi bila intaneti, na baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili.

2. Inategemea intaneti kwa siri. Kipimo: zima data na waifai, ifungue faili iliyohifadhiwa kwenye kifaa. Ikigoma au ikifungua nusu, kuna kipande kinachoitwa kutoka nje.

3. Simu imeifungua kwa programu isiyo kivinjari. Bonyeza na ushikilie faili, chagua kufungua kwa Chrome au Firefox.

4. Faili liko ndani ya zipu au halikumaliza kunakiliwa. Linganisha ukubwa wake na lile la asili.

Ukishapita yote manne na bado imegoma, jaribu kifaa chengine kipya zaidi. Ikifunguka huko, kosa ni umri wa kivinjari.

Dalili: Waifai ya darasa inaonekana, ukurasa haufunguki

Sababu ninayoikuta kila wiki: simu imeona kwamba waifai haina intaneti, ikahamia yenyewe kwenye data. Zimeni data, na simu ikiuliza kama ibaki kwenye mtandao usio na intaneti, jibuni ndiyo. Sababu inayofuata: mwanafunzi ameandika anwani kwenye kisanduku cha kutafutia. Aandike kwa ukamilifu, kuanzia http:// mpaka namba ya mwisho, pamoja na nukta mbili na tarakimu za mlango kama zipo. Bandika anwani hiyo ukutani kwa herufi kubwa.

Kisha angalia wingi wa watu. Ruta ndogo ya nyumbani inachoka darasa zima likifungua video kwa pamoja. Waruhusu kumi kumi, wengine wafanye ramani kwenye karatasi.

Mwisho angalia umeme wa seva. Kama ni Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kibao kimoja, iliyounganishwa na skrini, alama ndogo ya radi pembeni maana yake haipati volteji ya kutosha, mara nyingi kwa sababu ya chaja au waya usio wake. Umeme ukikatika ghafla kadi ya kumbukumbu huharibika. Kwa hiyo zima seva kwa utaratibu kila siku, na weka nakala ya pili ya kadi kabatini, mbali na hewa ya chumvi.

Simama hapa, kwa mambo haya manne:

- Kadi imegoma kusomeka na hamna nakala. Usikubali kompyuta ikiuliza kama iifute upya. Itoe, uipeleke kwa fundi wa kompyuta.
- Betri ya tableti au simu imevimba. Usiichaji, usiitoboe, usiibane. Iweke mbali na watoto na vitu vinavyowaka.
- Harufu ya kuungua, cheche, au mtu kaguswa na umeme kwenye kasha la chuma. Zima swichi kuu ikiwa unaifikia kwa usalama, watoe watoto, mwite fundi umeme mwenye leseni.
- Betri za sola na UPS (kasha la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika). Hata ukiichomoa ukutani, UPS ina umeme ndani yake. Usiifungue.

Dalili: Alama za chemsha bongo ni nzuri, mtihani ni mbaya

Maswali ni yale yale kila siku na watoto wamekariri herufi za majibu. Ongeza kwa kila dhana swali moja linaloihamishia mahali papya. Aliyesoma uvukizi kwa karafuu kwenye jamvi aulizwe kuhusu mashamba ya chumvi: kwa nini hufanywa mapana na yenye kina kifupi, na kwa nini kazi hudorora masika? Swali hilo litasahihishwa na mwalimu kwa kalamu, si na mashine. Najua ni kazi. Lifanye moja kwa wiki.

Dalili: Darasa limeelewa, mtoto mmoja amebaki

Anza na yaliyo karibu. Huenda anashirikiana simu na wenzake wawili na yeye hashiki kamwe. Huenda skrini yake imepungua mwanga, au anakaa dirishani na jua linaakisi. Mbadilishe nafasi kwa kipindi kimoja, umpe kifaa chake.

Kisha msikilize akisoma aya moja kwa sauti, mkiwa wawili tu. Wapo wanaofika madarasa ya juu wakisoma herufi moja moja, na wamejifunza kulificha hilo kwa kuangalia mwenzao anabofya wapi. Mtoto wa namna hii umwekee sauti: rekodi maelezo ya ukurasa kwa simu yako, dakika mbili, kwa Kiswahili chetu. Nimewahi kufanya hivyo kwa ukurasa wa saketi, na msichana aliyekuwa kimya muhula mzima akaja kunionesha kwa waya na balbu kwa nini taa moja ikitolewa nyengine inazimika.

Kama anakunja macho, anasogeza uso kwenye skrini, au hatofautishi mistari miwili ya grafu yenye rangi tofauti, badilisha mistari iwe mmoja mzima na mmoja wa vidoti, ukuze maandishi. Lakini usimwambie mzazi kwamba mtoto ana ugonjwa fulani. Simama hapo. Mwite mzazi, mweleze ulichokiona na ulikiona lini, umwombe ampeleke kliniki ya macho hospitalini. Na mpaka atakaporudi na majibu, mwachie kiti cha mbele.